Binti Yangu Anataka Niwaache Wageni Walale

Mpendwa mshauri, naomba msaada lakini kwanza ujue nani anakuandikia, mimi ndiye niliyejenga nyumba ya wageni ya kwanza mtaa huu, vyumba kumi na kimoja, matofali nimebeba kwa bega hili hili, shule niliishia darasa la tatu lakini hakuna profesa wa kunishinda kwa kuongea na mgeni, na miaka thelathini desturi yangu ni moja, saa kumi na moja alfajiri napita koridoni nagonga kila mlango, amkeni, tunapanda kilimani kuona jua likitoka, na wageni wa zamani walishukuru, wengine walitoa machozi kabisa.

Sasa hawa wa siku hizi sijui wamelogwa na nani, wanakuja siku mbili wanataka kulala, na kabla hawajaja wanasoma kwenye simu wenzao wamesema nini, basi mmoja akaandika huko kwamba mzee anagonga kama nyumba inaungua, wengine wakasoma, huu ni mwezi wa pili vyumba sita viko vitupu. Binti yangu ndiye anayepokea wageni, nikamwambia nipe namba ya huyo mtu, akanipa akidhani nataka kuomba radhi, nikampigia saa kumi na moja alfajiri nikamwambia amka, mvivu wewe. Akaandika na hilo.

Binti akaniambia, "Baba, watu wanakuja kupumzika, hawaji jeshini. Mwezi ukiisha nahamia hoteli ya jirani." Nikasema nyumba ni yangu. Akasema, "Haya, kaa nayo."

Tangu siku hiyo situlii, nakaa nasimama, nafungua vyumba vitupu nafunga. Mwandikie kwamba amekosea, kwa herufi kubwa.

Mimi, Mwenye Nyumba

*

Mzee wangu, shikamoo. Nimekuhurumia, na nimekucheka pia, unisamehe. Binti yako hajakosea, sitaandika hivyo hata kwa herufi ndogo.

Mgeni wako wa zamani alikuwa na wiki mbili. Wa leo ameomba ruhusa ya siku mbili kazini, amechoka, usingizi ndio utalii wake. Yeye ndiye anayechagua anachokifuata, na akikikosa kwako anatafuta kwingine na kuwaambia wenzake. Wewe ukamfuata mpaka kitandani kwake! Jamani, mzee mzima!

Kilima usikiache. Binti aandike kwenye simu kwamba yupo mwenyeji wa kuwapandisha wanaotaka. Jioni waulize, anayekubali mwamshe, asiyekubali mpite kimya. Akipatikana mmoja, panda na huyo mmoja. Yule uliyemtukana mwombe radhi, tena mchana.

Kisha leo hii, kabla mwezi haujaisha, mwite binti yako umwambie: nimekosea, mwanangu, usiondoke. Ukishasema hivyo nyamaza. Atakuwa na mengi ya kusema, na wewe usimkatize mpaka amalize.