Ganda la Kukagua Mikono

Ndugu yangu, Miwani wetu leo kakabwa koo kiwandani mpaka miwani ikapasuka.

Si unajua anavyoringia programu yake ya kuendesha mashine ya kukata? Amri ya kukata karatasi haigusi, anaivisha maganda tu kama kitunguu: ganda la kukagua mikono, ganda la kurudia kisu kikikwama. Kila ganda kalijaribu peke yake, likafaulu.

Kumbe la kukagua kaliweka nje, la kurudia ndani. Mikono inakaguliwa mara moja, halafu kisu kinajirudia bila kuuliza mtu.

Leo kikakwama. Mkataji akatia mkono achomoe karatasi, kisu kikajirudia. Ncha ya kidole ikabaki mezani. Mezani, ndugu yangu.

Na Miwani, mbele ya damu ile, anasema: "Lakini maganda yote yalifaulu." Mdomo huo.

Mkataji akamkaba kwa mkono mzima, akamburuta, akambana kiganja chini ya kisu. "Yageuze, bwana mkubwa. Una mkono mwingine."

Akayageuza kwa kushoto, la kukagua likaingia ndani ya la kurudia.

"Washa, kianzie pale kinapojirudia."

Akawasha. Kisu hakikushuka.

Ndipo mkataji akakubali kupelekwa hospitali. Tuliporudi, Miwani bado kaweka mkono chini ya kisu, anawasha tena na tena, na hakuna anayemshika.