Kengele Moja, Kengele Mbili

4 Mei

Binti yangu,

Hujambo? Friji za watu unazotengeneza bado zinakukosesha usingizi? Mimi mzima. Simu yangu imetumbukia kwenye kopo la gundi ya makochi ninayoshona, ndiyo maana nakuandikia. Barua atakuletea dereva wa gari la vifurushi, akikumbuka.

Daktari anasema jicho la kulia lina mtoto wa jicho. Litasafishwa mwezi ujao. Mbio zetu za baiskeli za wawili wawili ni Jumapili ya tarehe 13, na usinianze: nakwenda. Mwaka jana lile gari linalookota waliochoka lilituzoa, tukarushwa nyuma na baiskeli zetu kama makochi mabovu. Mwenyekiti wa klabu ameshasema jozi itakayookotwa mara ya pili inahamishiwa matembezi ya burudani, pamoja na wanaofunga maputo kwenye usukani. Mimi na maputo wapi na wapi?

Shida ni kwamba nikiwa nyuma ya gurudumu lako mashimo siyaoni, na mkono wako wa kulia ukinionyesha siuoni kabisa. Basi nipigie kengele. Moja, shimo liko kulia. Mbili, liko kushoto.

Mama yako, mkaidi wa kuzaliwa

5 Mei

Mama,

Shikamoo. Umeamkaje? Mimi salama, ila nimenuna. Habari za jicho lako nazisikia kwa mama mdogo? Nilitaka nikukataze kushindana, kisha nikacheka peke yangu. Nani amewahi kukukataza?

Haya, twende, ila kwa akili. Nitatangulia nikukatie upepo, nawe nifuate kwa kengele. Moja ni shimo kushoto, mbili ni kulia. Ndivyo tunavyofanya huku mazoezini, dole gumba langu limeshazoea.

Mwanao

11 Mei

Binti yangu,

Habari za kazi? Barua yako nimeipata, naona zetu zilipishana njiani. Yangu itupe, nimeshika ya kwako: moja kushoto, mbili kulia. Seremala jirani amekuwa akinitangulia kila jioni huku anapiga kengele, mpaka mkewe ameanza kuuliza maswali. Dole lako lisihangaike kujifunza upya kwa ajili ya jicho langu.

Mama yako

11 Mei

Mama,

Shikamoo. Mgongo unaendeleaje? Barua yako imefika. Nimefikiri, nikaona ya kwako ndiyo sahihi: jicho bovu ni la kulia, kwa hiyo shimo la kulia ndilo linalotaka taarifa ya haraka. Ya kwangu isahau. Dole gumba nimelifundisha upya, linaanza kutii. Moja kulia, mbili kushoto. Basi letu linaingia Jumapili asubuhi, tutaonana mstarini.

Mwanao

16 Mei

Binti yangu,

Ulifika salama? Sauti imerudi? Goti langu limeshonwa, na huyo daktari anashona vibaya kuliko mimi.

Leo dereva wa vifurushi ndiyo ameniletea barua yako ya tarehe 11. Nimeisoma nimekaa kwenye kochi la mteja, nikacheka mpaka machozi, halafu nikalia kweli. Ulifika mstarini unahema, mwenyekiti ameshaweka filimbi mdomoni, ukaniuliza, "Barua umepata?" Nami nikajibu, "Nimepata, twende!" Kumbe kila mmoja alikuwa na ile ya kwanza ya mwenzake tu! Ulipopiga mbili, yaani shimo kushoto, mimi, kwa utii wangu wa mara moja maishani, nikakwepa kushoto. Shimoni moja kwa moja.

Lile gari la kuokota waliochoka likatufikia. Dereva akafungua mlango: "Panda, mama, umejitahidi." Ulilaza chini gurudumu langu lililopinda ukalikanyaga mpaka likakubali kuzunguka. Hapo nilikupenda kuliko siku niliyokuzaa, maana siku ile nilikuwa nimechoka.

Kengele ukaiacha, ukapiga kelele mlima mzima, "Kulia, mama! Kushoto, mama!", na gari linatupumulia mgongoni. Tumekuwa wa mwisho, mwenyekiti alishaanza kukunja kamba. Lakini mstari tumeuvuka kwa magurudumu yetu wenyewe, na mwakani tumo.

Wakati huo jicho litakuwa safi. Hata hivyo nitakuwa nyuma yako, na mashimo nitayajua kwako. Tushike kengele ipi?

Mama yako

20 Mei

Mama,

Shikamoo. Goti limepoa? Mimi bado nina sauti ya jogoo mgonjwa, wateja wanadhani nalala ndani ya friji zao.

Tushike ya kwako: moja kulia. Nisikilize vizuri, mama yangu. Safari hii usinihurumie na usinikubalie. Ukaidi wako wote naomba uutumie hapa.

Mwanao

20 Mei

Binti yangu,

Hujambo? Sikuweza kungoja jibu lako. Nimefikiri sana na nimeamua: tushike ya kwako, moja kushoto. Dole lako limeteseka vya kutosha. Nimeshaanza mazoezi na seremala. Mkewe naye anakuja siku hizi, na kengele yake.

Mama yako