Ukurasa Wenye Jina la Babu

Dada yangu Veronika,

Shikamoo. Kabla hujawaita watu uani waje kusikiliza, kama ulivyozoea kila ukipata barua yangu, ikunje hii uingie nayo ndani. Isome peke yako. Babu akiuliza imetoka kwa nani, mwambie imetoka kwangu na kwamba sijambo, lakini usimsomee neno mpaka ufike mwisho.

Habari za hapo Ipuli? Kifua cha mwanao kimepona? Mvua zimefika, au bado mnatazama mawingu yakipita kwenda kwa wenzenu Usukuma? Mimi mwili ni mzima. Baridi ya Uingereza nimeizoea kama mtu anavyomzoea mama wa kambo, hatupendani lakini tunaishi nyumba moja. Chakula ni viazi, na kesho yake viazi. Lile koti tulilonunua Kanyenye, ukabishana na mwenye duka mpaka akakuapia kwa wazazi wake, sasa linaweza kututosha mimi na mtu mwingine.

Barua zako tatu nimezipata zote. Zote zinaniuliza jambo moja tu, ukurasa wa Babu uko wapi. Dada, posta haikupoteza kitu wala sikuwa mgonjwa. Nilikuwa nakukwepa, na leo nimechoka kukwepa.

Unajua nasoma masomo mawili kwa pamoja, Kiingereza na historia, kwa digrii moja. Mlipoambiwa hivyo mlidhani nina akili za watu wawili, na mimi sikuwakatalia. Ukweli ni kwamba mtu wa masomo mawili amefungwa kama ng'ombe wawili wa jembe moja. Nikianguka historia, Kiingereza nacho kimeanguka hata nikikijua kuliko wenyewe. Nikianguka vyote, serikali inasimamisha msaada wake, napandishwa meli, na Bwana DC anaandika katika faili lake kwamba kijana wa Tabora ameshindwa, wasitumwe wengine. Hilo niliambiwa siku naondoka, kwa upole kabisa, nikipewa chai.

Sasa kumbuka barua yangu ya furaha. Nilikuwa maktaba, mkononi nina kitabu cha zamani cha Mzungu aliyetembea njia yetu ya misafara, kutoka pwani kupita Ugogo mpaka Unyanyembe. Mwisho wa kitabu kuna orodha ya majina. Nikapitisha kidole nikiwatafuta watemi, nikakuta: Maganga wa Puge, kirangozi. Dada, nilisimama. Maganga wa Puge, mtangulizi wa msafara, ni babu yetu na hawezi kuwa mwingine. Kengele ya kufunga ikalia, mtunza vitabu akanyoosha mkono, nikamrudishia kitabu bila kuufungua ukurasa wenyewe. Nikakimbia posta. Nikakuandikia nimesimama pale dirishani: "Babu ameandikwa kitabuni!"

Kosa langu ni hilo. Niliandika kabla ya kusoma, mimi niliyeletwa huku kusoma.

Nawe ukanijibu yaliyofuata. Babu alituma watu Puge, shangazi akaja na wenziwe, mbuzi akachinjwa. Babu akatoa ile kofia yake ya manyoya aliyokuwa akiivaa akitangulia msafara, imeliwa na wadudu nusu, akaivaa hivyohivyo. Ukaniandikia kwamba siku hizi kila asubuhi anajikongoja mpaka baraza la duka Kanyenye na kumwambia kila anayepita, hata asiyemjua, "Mimi nimeandikwa Ulaya. Mjukuu wangu analeta karatasi." Nilicheka nikisoma. Nilicheka kwa sababu kitabu kilikuwa kimeazimwa na mtu mwingine, nami nilikuwa bado sijaona kilichoandikwa.

Nilikiona darasani. Tena si darasa la historia, ni la Kiingereza. Mwalimu wetu wa Kiingereza ni mtu mwema, ana ndevu nyeupe na hupenda maneno kama Babu anavyopenda ugoro. Alikuwa akitufundisha uandishi wa wasafiri. Akaleta kurasa zilizopigwa chapa, akasema sauti yangu ni nzito na ya kupendeza, akaniomba mimi nisome wenzangu wasikie jinsi sentensi zinavyotembea. Nikasimama nikasoma. Nilipofika katikati nikakutana na jina la Babu, na kwa kuwa nilikuwa nimeshaanza, na watu thelathini wananitazama, sikujua namna ya kuacha.

Mzungu yule anaeleza kambi ya Tura. Mpagazi mmoja Mzaramo amekufa kwa kuhara. Wenzake wamechimba kaburi, wamemfunga sanda ya kitambaa kipya cha merikani. Ndipo, anasema, kirangozi wetu Maganga wa Puge akamrukia maiti, akamvua sanda, akaingia nayo kaburini akacheza ngoma, na kundi zima likacheka. Hakutoka mpaka alipopewa jogoo, akawauzia wenyewe nguo yao. Anamalizia kwa kusema kwamba watu hawa humwibia hata maiti wao, na kwamba jioni ile, akitazama moto wa kambi, alijiona yu peke yake kuliko siku zote za safari. Mwalimu akafuta miwani, akasema, "Mmesikia? Sentensi ile ya mwisho!" Kisha akaniambia nimesoma vizuri sana.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba imeandikwa vizuri kweli. Nisingemjua Babu, na mimi ningefuta miwani.

Wewe kisa hicho unakijua kuliko mimi, tumekisikia tangu hatujang'oa meno ya utoto. Yule marehemu ni Kibwana, rafiki yake wa safari nne. Mzaramo na Mnyamwezi ni watani, na mtani akifa mtani mwenzake ndiye mwenye kazi ya kuvuruga msiba ili watu wapumue. Babu mwenyewe hutuonyesha alivyojilaza kaburini na sanda kifuani akipiga kelele, "Huyu mvivu! Njia nzima mzigo wake nimembebea mimi, na leo tena anataka abebwe! Hazikwi mtu hapa!" Na Wazaramo wakicheka huku machozi yanawatoka, wakamkomboa ndugu yao kwa jogoo, kama desturi inavyotaka. Na kila mara Babu akifika hapo sauti hubadilika. Hueleza alivyomvika Kibwana sanda upya kwa mikono yake, na alivyoshuka mwenyewe kumpokea chini. Yule jogoo hakumla. Alikwenda naye mpaka Rubuga, akamwachia mwanamke mmoja aliyewapa maji.

Mzungu hakuona kumvika upya, alikuwa amekwisha kuingia hemani. Lakini hakuzua hata neno moja. Kila alichokiona kilitokea. Alitembea na Babu miezi minne, akauliza jina la kila mto na kila kilima, akayaandika yote. Hilo moja hakuuliza.

Nikajipa moyo kwamba hii sasa ni kazi ya historia, na historia nasoma. Nikaandika insha. Nikaeleza utani, nikaeleza Kibwana, nikaweka maneno ya Babu kama anavyoyasema. Niliiandika kwa wiki mbili, nikiamini ndiyo kazi niliyoletewa huku. Mwalimu wa historia akaniita chumbani kwake. Huyu naye si mtu mbaya, usimchukie, alinivutia kiti mwenyewe.

"Umeandika kwa moyo," akasema. "Ushahidi wako ni upi?"

"Babu yangu, bwana. Ndiye huyo Maganga."

"Yu hai?"

"Yu hai, bwana. Leo yuko Tabora, barazani."

Akatabasamu, nikadhani amefurahi. "Basi unaona shida yenyewe. Mtu aliyetuhumiwa anajitetea baada ya miaka zaidi ya sitini, na anayemwandika ni mjukuu wake. Msafiri aliandika jioni ileile, naye hakuwa na sababu ya kudanganya."

"Hakudanganya, bwana. Hakuelewa."

"Nani mwingine ameandika hivyo?"

Nikasema hakuna aliyeandika, watu wote wa njia ile wanajua. Akasema kujua si kuandika. Akanirudishia insha haina alama, akanishauri niyaache mambo ya nyumbani wakati wa mtihani, maana karatasi husahihishwa na watu wasionijua.

Nikatoka. Nikapita dirisha la darasa la Kiingereza nikaona zile kurasa bado ziko mezani. Ukurasa mmoja, dada! Chumba kimoja wanausifu kwa uzuri, chumba cha pili wanauamini kwa ukweli, na mimi mwenye masomo mawili natakiwa nifaulu vyote viwili. Nilikasirika mpaka nikazungumza Kinyamwezi peke yangu barabarani, na mama mmoja akamvuta mtoto wake upande wa pili.

Mtihani ukaja. Swali la tatu: eleza tabia na nidhamu za wapagazi wa njia ya kati, ukitumia maandishi ya wakati ule. Ningeweza kuruka nikajibu lingine. Nimejidanganya mara nyingi kwamba nisingeweza, lakini ningeweza. Ila swali hilo nililijua kuliko yote, na niliona meli, nikaona faili la Bwana DC, nikakuona na wewe, uliyeacha masomo darasa la sita ili ada ipatikane ya mmoja. Nikaandika. Niliandika kwamba nidhamu ilikuwa hafifu, na kwamba hata viongozi wa msafara walipora maiti. Nikaandika mfano: kirangozi mmoja, Maganga wa Puge, kule Tura. Kiingereza cha jibu hilo kilikuwa kizuri, hata kile kifungu cha moto wa kambi nilikikumbuka neno kwa neno.

Matokeo yametoka. Nimefaulu. Karatasi ya historia imepata alama ya juu darasani, na mwalimu amenishika mkono mbele za watu, akasema nimejifunza kutumia ushahidi. Mwezi wa sita nitakuwa na digrii yenu, Kiingereza na historia. Wataniletea joho jeusi nipigwe picha. Picha nitakutumia, uitundike au uifungie sabuni, nimekuachia.

Sasa nimefika palipo pagumu. Nilikuwa nimepanga kukuomba umdanganye. Umwambie kitabu kimeungua, au kwamba yule ni Maganga mwingine. Hata nilianza kutunga ukurasa wa uongo, unaosema kirangozi wetu alikuwa shujaa, mwaminifu, msafara wote ulimtegemea. Niliufanya mzuri sana, nikauchana. Nimekwisha kuandika uongo mmoja juu yake mwaka huu, wa pili umenishinda.

Kwa hiyo ndani ya bahasha kuna karatasi ya pili. Ni ukurasa wenyewe, nimeutafsiri kama ulivyo, sikupunguza wala sikuongeza. Nyuma yake nimenakili jibu langu la mtihani, nalo kwa Kiswahili, na nimetia sahihi.

Shangazi wa Puge, aliyechinja mbuzi wake kwa ajili ya ulimi wangu, mwombe radhi. Shemeji mwambie kofia yake ya kazi ya reli ndiyo joho ambalo ningelitaka. Katekista wetu, aliyenifundisha kushika kalamu, msalimie lakini usimweleze. Mwanao mbusu, na akianza shule mfundishe kuuliza.

Babu usimpe salamu. Mpe karatasi. Mkalishe uani, siyo Kanyenye, umsomee pande zote mbili, polepole, maana sikio lake moja halisikii. Babu na mjukuu ni watani, ndivyo tulivyolelewa. Mara ngapi alidai mimi ni mume mwenziwe kwa Bibi, nami nikamfichia fimbo? Basi mwambie mtani wake amemvua nguo mbele ya Wazungu, akapewa digrii badala ya jogoo. Akicheka, niandikie. Asipocheka, niandikie pia, usinifiche.

Babu alimvika Kibwana tena sanda yake jua halijazama. Mimi nguo ya Babu ninayo huku, imepigwa muhuri, na sijui nitamrudishia lini, wala kama atakuwapo.

Ni mimi mdogo wako,
Klementi