Siku ya Tano Baada ya Kujifungua

Jumatatu, tarehe 4, mwezi wa Mangsiri
Nandakali, mke wa mwanangu, kajifungua alfajiri. Msichana! Mama mkwe wangu kanuna. Mwanangu yuko India kazini, hajui hata. Nimemsongea mzazi ugali wa ulezi, nikainuka – ile nyama ikashuka tena. Miaka ishirini na miwili nairudisha ndani kwa vidole. Ajuaye ni mume wangu Dambare tu, na anauita ugonjwa wa wanawake wasiotulia. Wasiotulia! Mimi ambaye hata kukaa siwezi!

Jumatano, 6 Mangsiri
Madaktari wamepiga kambi shuleni. Nimemuaga Dambare kwamba naenda kung'oa jino. Kwenye foleni namkuta jirani yangu Belmati. Na wewe jino? Jino. Tukacheka huku tumebana mapaja.

Daktari ni binti mdogo. Kaniambia nikohoe, kisha nisukume kama najifungua. Akapima.
"Mama, kizazi kimeshuka mpaka nje. Kimevuta na kibofu, ndiyo maana mkojo unakuponyoka."
Akauliza nilianza kuzaa nikiwa na umri gani. Kumi na sita. Wangapi? Sita, wamebaki wanne. Ulipumzika siku ngapi?
"Nne. Siku ya tano nilipeleka kapu la samadi shamba la juu."
Kalamu yake ikasimama. Kasema misuli ya chini ilikuwa bado imelegea, mzigo ukaisukuma. Na mimba za kufuatana, na mkunga aliyenikandamiza tumbo, vikamalizia. Si laana. Si umalaya. Kaniwekea pete ya mpira ya kukishikilia, nisubiri upasuaji. Nisibebe kitu kizito.

Nimeteremka mlima nikisema peke yangu. Miaka yote hiyo namwomba radhi mungu wa ukoo kwa kosa la kapu!

Ijumaa, 8 Mangsiri
Mchana huu. Natoka kukata majani – Nandakali yuko uani, kapu la samadi mgongoni, ukanda wa kulibebea kwenye paji la uso, maziwa yamelowesha blauzi. Siku ya tano! Mzazi kugusa jiko ni najisi mpaka siku ya kumi na moja, lakini samadi, ruksa!

"Shusha, mwanangu. Shusha sasa hivi!"
Mama mkwe akaja juu. "Mnajidekeza! Mimi nilibeba siku ya tatu, na si nipo hapa?"
"Mama, na wewe kimetoka, siyo?"
Akavuta shali. Kisha, kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake:
"Tangu nimzae Dambare."

Nilitaka kumchukia. Nimeshindwa, na hilo linaniudhi zaidi.

Dambare katokea, anauliza nani atapeleka samadi. Mama yake kauliza kambi inafungwa lini. Leo, saa kumi.

Mama mkwe anatafuta viatu. Saa nane na nusu sasa. Shuleni ni mwendo wa saa moja na nusu, kupanda tu, kwa mwenye miguu mizima. Na mimi nimekatazwa kubeba mzigo, sembuse mtu.

Dambare bado amesimama pale pale, mgongo wake mtupu –