Mapipa ya Kimani

Jumatatu, 5 Mei

Taarifa ya saa moja asubuhi nimesoma. Ya saa mbili nimesoma. Chai imepoa. Bei ya parachichi tena. Mwaka wa sita huu naisoma redioni.

Maombi ya ufadhili wa wanahabari yameenda. Miezi sita Malindi, kuripoti mazingira ya Pwani. Hawachukui aliyepita miaka thelathini na tano, nami Septemba natimiza thelathini na sita. Nikikosa, basi.

Wengine wataandika mikoko. Mimi nimeandika mto wetu wa Ruiru. Maji yake, yakishapita mtaa wa Gitothua, huingia Athi, Athi huwa Sabaki, na Sabaki humwagika baharini kule Malindi. Nimetuma na sauti: mwanamume anaosha mapipa ya kemikali mtoni ili ayauze, watu waweke maji. Jina sikutaja. Ni Kimani, kaka yangu mkubwa. Yeye anadhani nilimrekodi kwa kipindi cha kazi za mikono.

Alhamisi, 8 Mei

Nimo kati ya watano. Mahojiano Jumanne, kwa video. Ningefurahi, lakini kanuni yao ya nne inasema mwombaji ataje kama ana undugu na mtu aliyemrekodi kwenye ripoti yake. Niliisoma tangu mwanzo. Nikajifanya sijaiona.

Jumanne, 13 Mei

Upumbavu wangu mwenyewe. Nawafundisha wanaoanza kazi studio: acha kinasa sauti kiendelee kidogo baada ya mtu kumaliza, upate sauti ya mahali. Nikaacha. Sikusikiliza hadi mwisho. Pale mwishoni, chini ya sauti ya maji, Kimani anasema: "Na usisahau kupelekea mathe dawa ya pressure."

Mwenyekiti wa jopo, mama mmoja mpole, akauliza huyo mathe ni mama wa nani. Nikasema ni wa huyo jamaa. Anaishi Makongeni, mimi niko Kiganjo, si mbali, hunituma. Wakapendezwa. Mmoja akasema mwandishi anayeaminiwa hivi na watu ni nadra. Nilitabasamu, mgongo umelowa jasho.

Ijumaa, 16 Mei

Nimeupata.

Wanataka nianzie Gitothua wiki ijayo, na mpiga picha. Lazima mtu wa mapipa aonekane uso. Stesheni wamenikatia keki. Kipande changu nimempa mlinzi.

Jumamosi, 17 Mei

Nimeenda kwa Kimani nikamwambia yote. Hakunifokea. Afadhali angefoka. Aliendelea kusugua pipa la bluu, kisha akasema: "Si ungeniambia tu, Wambui." Baadaye kidogo: "Na hii maji inafika bahari kweli?" Nikasema inafika. "Mimi hata sijawahi iona, hiyo bahari."

Picha amekataa. Watu wa kaunti watamjia, na hana kazi nyingine. Ana haki ya kukataa. Na yale mapipa yana sumu. Yote mawili ni kweli na nimechoka nayo.

Jumapili, 18 Mei

Kanisani. Sikusikia neno.

Jumatatu, 19 Mei

Kabla ya taarifa ya saa moja nimemwandikia mwenyekiti. Mistari minne. Ni kaka yangu, mama ni wetu, nilidanganya, picha haitakuwepo. Nikatuma, nikaingia studio, nikasoma bei ya parachichi.

Jibu limekuja saa tano. Wanashukuru kwa ukweli wangu. Nafasi inakwenda kwa mwingine. Nimejifungia chooni nikalia, nikanawa uso, nikarudi.

Jumamosi, 24 Mei

Nimempelekea mama dawa, kisha nikashuka Gitothua. Kimani yuko palepale mtoni. Anasema anatafuta mahali pengine pa kuoshea. Huenda ni kweli, huenda ananifurahisha tu. Habari za Malindi hakuuliza. Alinimiminia uji, tukanywa tumesimama.

Kinasa sauti nilikiacha nyumbani. Nilimshikia pipa akalisuuza. Povu likateremka polepole, likapita chini ya daraja. Hilo litafika Malindi. Mimi Jumatatu nina zamu ya asubuhi.