Ishara Alizoondoka Nazo Kerrick

Chuo cha Dunmore Fork, Mississippi
Tarehe 9 Desemba

Kwa Baba mpendwa,

Salamu nyingi zikufikie hapo nyumbani, wewe na Mama na Bibi Earline. Natumaini goti limepoa na kwamba kiwandani wamekupunguzia zamu za kupasua kambare. Mimi ni mzima, ila kidole kimoja kimevimba, na mkate wa mahindi wa hapa chuoni haufui dafu kwa wa Mama.

Barua yako nimeipata. Ndani ya ukurasa mmoja umeniuliza mara tatu kama nimeandikisha jina langu kwenye orodha ya wachezaji wa mpira wa Kimarekani wanaohama vyuo. Nitakujibu, ila niache nianzie mbali kidogo.

Unajua tulivyoachwa. Mwezi Januari mrushaji wetu, Kerrick Tolliver, alihamia chuo kikubwa cha jimbo la jirani, na wadakaji wawili wakamfuata. Magazeti yakatuzika tungali hai. Kinyozi wako naye akaapa kwamba hatutashinda hata mechi moja. Mwambie tumeshinda tano, tena mrushaji wetu ni Hosea Crump, ambaye hadi Agosti alikuwa mdakaji wa akiba asiyejulikana hata na wapishi.

Inayoniuma ni mechi ya Septemba, tulipokwenda kucheza na chuo cha Kerrick. Kocha Lattimore hutuagiza kwa ishara za mikono akiwa pembeni ya uwanja. Akigusa kofia, tunakimbiza mpira kushoto. Akipiga paja, tunarusha mbali. Kerrick alizijua zote, na Kocha hakuwa amebadilisha hata moja. Mimi ndiye ninayeinama katikati na kumpa Hosea mpira kwa nyuma, kisha nawazuia wapinzani wasimfikie, kwa hiyo niliwasikia vizuri. Kocha akigusa kofia tu, mlinzi wao ananicheka usoni: "Kushoto hiyo, bonge! Mwambie babu yako anunue kofia nyingine!" Walitufunga arobaini na moja kwa tatu. Hosea walimvamia kila alipogeuka, akatolewa kwa machela, mbavu mbili zimevunjika.

Sasa nikwambie nisilomwambia hata Mama. Nilijua. Tangu Agosti nilijua kwamba ishara ni zile zile, na neno moja langu kwa Kocha lingetosha. Nilinyamaza kwa sababu Kerrick alinipigia simu akasema, "Wewe tulia tu, kaka. Usiwashtue. Mwakani nakutafutia namba huku kwetu." Ile nafasi unayoiita bahati, Baba, ndiyo iliyomvunja Hosea mbavu. Nina aibu mpaka leo.

Alhamisi iliyopita nilisimama katika chumba cha kubadilishia nguo nikawaambia wote. Kocha alivua ile kofia yake akaiweka benchini. Nilitegemea Hosea anipige, na ningekubali. Badala yake akasema, "We Odell mshenzi kweli. Halafu sasa unataka kusepa? Husepi. Utakaa hapa hapa mbele yangu, wakija kunivunja tena waanze na wewe."

Kwa hiyo jina sijaandikisha, wala sitaandikisha. Najua umeshawatangazia kanisani kwamba mwanao anakwenda chuo kikubwa. Jumapili simama tena uwaambie haendi. Wakiuliza sababu, wape yote, sikukatazi. Magazeti yameanza kuandika kwamba mwakani tutaburura mkia. Waandike mpaka wino uwaishie, sisi tunaanza mazoezi Januari tukiwa na ishara mpya.

Kasirika, Baba, ni haki yako. Lakini Jumamosi ya kwanza ya Septemba Kerrick anakuja kucheza hapa kwetu. Njoo ukasirikie kwenye viti vyetu, uone atakayetaka kumfikia Hosea atapitia wapi.

Mbusu Bibi Earline kwa niaba yangu, na Mama umwambie nala vizuri.

Ni mimi mwanao, wa Dunmore Fork,
Odell Pettway