Miguu Mitatu ya Hadidja

Kindu, tarehe 9 mwezi wa tisa 1973

Yaya Bulaimu, kaka yangu mukubwa,

Asalamu aleikum. Uko muzima? Bibi yako Jamila na watoto wako salama? Sisi huku tunashukuru Mungu. Kikohozi cha Mama kimepungua, anakula vizuri, na amerudia kugombana na kuku wa jirani.

Yaya, tangu bwana wangu Hamisi afariki, ninaendelea na kazi yake ya foto. Alinifundisha yote, hata kusafisha filimu katika chumba cha giza. Sasa serikali inataka kila muntu awe na karte mpya ya kitambulisho yenye foto, na wanawake pia. Hapa kwetu mama wengi hawakubali kukaa mbele ya mwanaume wa studio. Nikasema, basi mimi nitawafuata ndani ya nyumba zao.

Foto zote nilizopiga huko zimeharibika. Ndani ni giza. Balbu za flashi ni ghali, na kila moja inawaka mara moja tu halafu unaitupa. Nikaacha kamera wazi kwa muda mrefu ili mwanga uingie, na mikono yangu ikatikisika. Sura za watu zikawa kama moshi. Ofisini kwa karte wamezikataa. Nilirudisha makuta, pesa aliyolipa kila mama, nyumba kwa nyumba, na wengine walinicheka mulangoni.

Nahitaji trepiye, ile miguu mitatu ya kusimamishia kamera. Kindu haiko. Okito anayefanya kazi kwenye batau, ile meli ya mutoni, atakuletea bahasha. Pesa iliyo ndani njo akiba yangu yote. Nitafutie Kisangani. Sitaki uzuri, nataka kitu kisichotikisika.

Dada yako mudogo,
Hadidja

Kisangani, tarehe 2 mwezi wa kumi 1973

Mudogo wangu Hadidja,

Aleikum salamu. Nimefurahi kusikia Mama anagombana tena, hapo najua amepona. Sisi tu wazima. Mutoto wa mwisho anaota meno na hatulali. Hapa sokoni vitenge vinauzika kidogo kidogo.

Bahasha nimepokea. Sasa nisikilize kama unavyosikiliza kaka yako. Kwa pesa hii naweza kukupatia mashine ya kushona, iliyotumika lakini nzima. Utakaa kwako, wanawake watakuja kwako. Mwanamke mujane kutembea mitaani na kamera shingoni, watu wa Kindu watasema nini? Hamisi alikuwa mwanaume, yeye aliweza.

Hata hivyo nimezunguka, usiseme sikuzunguka. Katika butike moja karibu na soko kubwa kuna trepiye mbili. Moja ni nene, imara, na bei yake hatuifikii hata tukiuza mbuzi wa Mama. Nyingine ni nyembamba, inang'aa kama sahani mupya, ni nyepesi hata mutoto anaibeba, na ukiivuta inapita kichwa changu. Hiyo pesa yako inatosha.

Niambie: mashine, au hiyo nyembamba?

Yaya wako,
Bulaimu

Kindu, tarehe 21 mwezi wa kumi 1973

Yaya,

Salamu nyingi kutoka kwa Mama na kwangu. Meno ya mutoto yametoka? Mama anasema mumpake asali kidogo kwenye ufizi.

Mashine sitaki. Mafundi wa kushona wamejaa mutaa huu mpaka wananyang'anyana wateja. Mwanamke wa kupiga foto niko mimi peke yangu. Na tayari watu wanasema, Yaya. Walianza siku nilipotoka na kamera mara ya kwanza, na mimi bado ninakula na kulala.

Unamukumbuka Mama Riziki, jirani yetu wa nyuma? Binti yake yuko Lubutu, ana mimba ya kwanza na inamusumbua. Mama Riziki alipanda gari kwenda kumwona. Kwenye barieri ya barabarani askari wakauliza karte. Hana. Wakamushusha na muzigo wake, akarudi kwa muguu juani. Bwana yake ameapa hakuna mwanaume atakayemupiga foto. Kwa hiyo ananingoja mimi, na mimi ninakungoja wewe.

Usinunue bado hiyo nyembamba. Rudi butike, uivute yote mpaka mwisho, uweke glasi ya maji juu, halafu ugonge muguu mumoja kwa kidole. Maji yakicheza, iache. Kupita kichwa chako hakuna faida kwangu, wateja wangu wanakaa kwenye mukeka.

Dada yako,
Hadidja

Kisangani, tarehe 18 mwezi wa kumi na moja 1973

Mudogo wangu,

Natumaini barua hii inawakuta na afya. Huku wote wazima, na asali imesaidia.

Nilifanya kama ulivyosema, na nimepata aibu ambayo utanilipa siku moja. Niliingia butike na glasi ya maji mukononi. Muuzaji akaniuliza, "Citoyen, umekuja kununua ao kunywa?" Nikamwambia dada yangu ameniagiza. Nikaivuta, nikaweka glasi, nikagonga kwa kidole. Sikugonga kwa nguvu, wallahi. Maji yakaruka, glasi ikafuata, na kioo cha meza yake kikapata ufa. Nimefukuzwa pale.

Kwa hiyo hiyo nyembamba, hapana. Umesema kweli.

Lakini njiani nikakutana na mzee mumoja, Onema, aliyekuwa akipima barabara zamani. Amestaafu, anauza vyombo vyake. Ana miguu mitatu ya mbao, yenye ncha za chuma chini. Nikagonga, nikasukuma, nikaiegemea kwa mwili wangu wote, nayo ikanitazama tu. Bei yake tunaiweza. Mabaya yake ni mawili: ni nzito sana, na visi yake ya juu, ile skrubu ya kushikia chombo, ni nene kama kidole gumba changu. Haiwezi kuingia kwenye kamera. Nifanye nini?

Yaya wako,
Bulaimu

Kindu, tarehe 4 mwezi wa kumi na mbili 1973

Yaya yangu,

Salamu. Mama anakuombea, na amecheka habari ya glasi mpaka kikohozi kikarudi kidogo.

Chukua ya mbao! Uzito ni kazi yangu, nitaubeba. Kuhusu visi: ule mufuko wa ngozi wa kamera una visi ndogo chini, inayoingia katika tundu lile lile la kamera linalofungwa trepiye. Nimeing'oa, Okito atakupa. Tafuta fundi wa chuma atengeneze kibao cha juu kwa kipimo hicho, kiweze kulala mbele na nyuma na kukazwa. Asikate miguu.

Fanya haraka. Binti wa Mama Riziki ametuma habari kwamba miguu yake imevimba.

Hadidja wako

Kisangani, tarehe 27 mwezi wa kwanza 1974

Mudogo wangu Hadidja,

Najua Mama amenikasirikia kwa kimya changu. Mwambie tu wazima, hatujaumwa.

Tangu serikali itangaze kwenye radio kwamba maduka ya wageni wapewe wenyeji, mambo hapa yamechafuka. Yule mugeni aliyekuwa ananiuzia vitenge amefunga na kuondoka. Meza yangu sokoni ni tupu. Butike ya trepiye nayo imefungwa, mwenyeji mupya bado haonekani.

Nilikimbilia kwa Mzee Onema. Nikamukuta na mwanaume anayetaka miguu ile aitengenezee meza ya bar! Ameshatoa pesa, anazihesabu mbele ya mzee, na ni nyingi kuliko zako. Nikasema, "Mzee, dada yangu anaingoja Kindu, anapiga foto za mama wasioweza kutoka." Bibi ya mzee akatoka ndani, akauliza, "Mwanamke njo anapiga foto?" Nikajibu, "Njo yeye." Akamwambia bwana yake, "Basi hii haitakuwa meza." Nikampa mzee pesa yako, nikakimbia nyumbani, nikamuletea yule mama vitenge viwili vya mwisho nilivyobaki navyo. Usinirudishie kitu, ni zawadi yangu kwa kazi yako.

Sababu sina biashara, nilikaa na fundi mpaka kibao cha juu kikakubali visi yako. Kufunga, kufungua, kukaza, nimejaribu mwenyewe. Leo nimeibeba begani mpaka stesheni. Itaenda kwa treni mpaka Ubundu, pale Okito ataipandisha batau.

Yaya wako,
Bulaimu

Kindu, tarehe 24 mwezi wa pili 1974

Yaya Bulaimu,

Asalamu aleikum kwako, kwa Jamila, kwa watoto wote. Imefika! Ncha moja imepata kutu kidogo kwa mvua, nimeisugua.

Sikupumzika. Siku ile ile niliibeba kichwani mpaka kwa Mama Riziki. Bwana yake alikaa nje kulinda mulango. Nilimukalisha karibu na dirisha, shuka nyeupe nyuma yake, nikaitanua ile miguu mitatu mpaka chini kabisa, nikakaza.

"Mama Riziki, usipumue mpaka nikuambie."

"Na nikifa?"

"Utakufa na foto muzuri."

Akataka kucheka, akajizuia, na hapo hapo nikafungua kamera. Yaya, nikaingia chumba cha giza, nikatia karatasi katika maji ya dawa. Sura ikatoka katika maji polepole: macho, chale za shavuni, kile kicheko alichokifunga mudomoni. Kila kitu kimesimama.

Ofisini waliichukua bila neno. Mama Riziki alipopata karte aliondoka kesho yake kwenda Lubutu kwa binti yake. Mutoto alikuwa amezaliwa kabla hajafika, na hakuishi. Lakini binti yake alikuwa na homa kali, peke yake na bwana asiyejua la kufanya, na Mama Riziki njo alimupeleka hospitali. Binti yuko hai. Wamerudi wote wawili juzi.

Mama wale walionicheka wamekuja. Sikuwauliza kitu, nimewakalisha dirishani.

Dada yako,
Hadidja

Kisangani, tarehe 19 mwezi wa tatu 1974

Mudogo wangu,

Mpe pole Mama Riziki na binti yake. Jamila amelia kusikia habari hiyo. Sisi tu wazima, nimeanza kuuza chumvi na sabuni.

Njoo Kisangani. Wanawake wa huku ni wengi zaidi kuliko wa Kindu, na wengi hawana foto. Nina chumba chenye dirisha kubwa, nimekisafisha. Hutalipa kodi. Uje na Mama, uje na miguu yako. Mimi mwenyewe nitakubebea.

Yaya wako anayekungoja,
Bulaimu

Pangi, tarehe 14 mwezi wa nne 1974

Yaya yangu mupenzi,

Salamu kutoka Pangi. Niko muzima, mgongo tu unauma kwa sababu ya kamio, lile lori lililonileta. Mama yuko nyumbani na Mama Riziki, wanakula pamoja.

Chumba chako kimenigusa moyo, Yaya, lakini sitakuja. Kisangani mastudio yako mengi. Huku mama wanatoka shambani na matope miguuni, wanauliza kama ni kweli wanaweza kupigwa foto bila kusafiri. Kutoka hapa nitaendelea mpaka mji wa Kama, wachimbaji wa dhahabu wameniita kwa ajili ya bibi zao. Mupe Jamila hicho chumba, aweke sabuni zenu.

Asubuhi hii nimesimamisha miguu mitatu mbele ya nyumba ya chifu. Bibi mumoja muzee sana alikuja, akazunguka kamera, akanizunguka na mimi, akatazama barabarani.

"Mwenye kupiga foto anafika saa ngapi?"

Nikamuvutia kiti.

"Ameshafika, Bibi. Njo mimi."

Dada yako,
Hadidja